Utafiti tunao, wavushaji hatuna

Kila baada ya miezi michache Mkenya husoma gazetini kwamba wanasayansi wamegundua jambo. Leo ni chanjo, kesho ni dawa ya zamani iliyopatiwa kazi mpya, kesho kutwa ni njia ya kupima ugonjwa kwa tone moja la damu. Msomaji hufurahi, hukunja gazeti lake, na akienda zahanati ya kwao wiki inayofuata hukuta mambo ni yale yale ya mwaka jana na mwaka juzi. Huuliza, na ana haki ya kuuliza: yale niliyosoma yaliishia wapi?

Mengi yaliishia njiani. Baina ya maabara na kitanda cha mgonjwa pana mto mpana. Upande huu wako wanasayansi, upande ule wako madaktari, wauguzi na maafisa wa kliniki, na manahodha wa kuvusha ni wa kuhesabu kwa vidole. Ni hao manahodha ninaotaka kuwazungumzia leo, pamoja na walimu wanaowafunza, kwa sababu naamini nchi hii inawafunza wachache mno, na hata hao wachache tunawafunza kama kwamba kazi yao ni kuandika makala tu.

Kazi ya kuvusha imekuwa taaluma yenye jina lake. Vyuo vikuu kadhaa vya Ulaya na Marekani hutoa shahada ya uzamili katika taaluma hiyo, na Chuo Kikuu cha Edinburgh huifunza kwa njia ya intaneti, mwanafunzi akiwa kwao. Jina la Kiingereza ukiligeuza neno kwa neno litakuwa "tiba ya kutafsiri", na msomaji atadhani ni shule ya wakalimani. Mimi nitaiita utabibu wa uvushaji mpaka wenye kamusi watuletee jina bora.

Wanaoifunza huigawa safari hiyo katika vivuko kadhaa. Kuna kivuko cha kutoka maabara hadi kwa wagonjwa wachache wa kwanza wanaokubali kujaribiwa dawa. Kuna kingine cha kutoka kwenye majaribio makubwa hadi kwenye mwongozo wa matibabu. Halafu kuna kile cha kutoka kwenye mwongozo hadi mikononi mwa muuguzi aliye zamu peke yake usiku wa manane, ana watoto kumi na wanane wodini na chupa ya oksijeni moja. Isitoshe, kuna safari ya kurudi: yale anayoyaona muuguzi huyo yamfikie mwanasayansi ili ajue la kutafuta. Mara nyingi husemwa kwamba safari nzima huchukua miaka 17 kwa wastani. Idadi hiyo inabishaniwa, kwa kuwa kila mtu huanza kuhesabu mahali pake, lakini hakuna anayesema kwamba ni safari fupi. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilibuniwa mwaka 1987. Watoto wa Homa Bay walianza kuipata katika mpango wa majaribio mwezi Septemba 2019, na Shirika la Afya Ulimwenguni, WHO, likaipendekeza kwa watoto wa maeneo yenye malaria mwezi Oktoba 2021. Mtoto aliyezaliwa chanjo hiyo ilipobuniwa alikuwa na miaka 34.

Hapa kwetu tuna mifano ambayo ingetosha kujaza silabasi nzima, na ya kwanza ni vyandarua.

Kati ya mwaka 1993 na 1995 watafiti walifanya jaribio katika vijiji vya Kilifi. Baadhi ya vijiji vilipewa vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuua mbu, vingine vikasubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa theluthi moja, na watoto waliolazwa hospitalini kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Msomaji atafakari idadi hizo. Hakuna dawa hata moja katika kabati langu inayoweza kujigamba hivyo.

Je, mwaka 1997 kila mtoto wa Pwani na wa Nyanza alikuwa analala ndani ya chandarua? La, hasha. Kulianza mjadala mrefu. Wapo waliosema vyandarua viuzwe madukani ili wananchi wavithamini, kwani cha bure hakina heshima. Vikauzwa. Mwaka 2004 kliniki za akina mama zikaanza kuviuza kwa bei ya chini, shilingi 50. Ni mwaka 2006 ndipo serikali ilipogawa vyandarua zaidi ya milioni 3 bure. Mtafiti Mkenya, Abdisalan Noor, aliyejengea taaluma yake katika ramani za magonjwa, alifuatilia pamoja na wenzake nini kilitokea katika wilaya nne. Mwaka 2004 watoto waliolala ndani ya chandarua chenye dawa hawakufika hata kumi katika kila mia. Mwaka 2006, baada ya ugawaji wa bure, walizidi sitini katika kila mia. Vilipokuwa vikiuzwa, waliovipata walikuwa wenye nacho. Vilipogawanywa, pengo baina ya tajiri na maskini karibu lifutike. Utafiti mwingine wa mwaka 2007 katika wilaya hizo ulionyesha kwamba vifo vilipungua kwa watoto waliovitumia, nje ya jaribio, katika maisha ya kawaida.

Yaani jibu lilikuwapo tangu mwaka 1996, na kwa miaka kumi tulibishana kuhusu bei. Mambo yaliyofungua njia hayakutoka chini ya hadubini. Yalitoka kwa watu waliojua kuhesabu kaya, kuchora ramani, kuuliza mama chandarua alikipata wapi na kwa pesa ngapi, kisha wakazipeleka hesabu hizo mezani kwa wakubwa wa Wizara. Huo ndio uvushaji. Daktari aliyehitimu vizuri kabisa katika chuo chochote cha udaktari nchini anaweza kumaliza masomo yake bila kufunzwa hata saa moja jinsi ya kufanya hivyo.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi, na ningependa kila mwanafunzi wa udaktari aujue.

Kwa miongo mingi vitabu vilitufundisha kwamba mtoto anayeletwa na homa kali, mikono na miguu baridi, mapigo ya moyo ya kasi na fahamu zinazopotea, atundikiwe maji ya mshipani haraka haraka. Hoja ilikuwa na mantiki: mzunguko wa damu umedhoofika, basi uongeze maji. Kilichokosekana ni ushahidi kutoka hospitali kama zetu, zisizo na chumba cha wagonjwa mahututi wala mashine ya kupumulia. Daktari Kathryn Maitland, mwenye makao yake ya kazi Kilifi, aliongoza jaribio lililoitwa FEAST katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa maji ya haraka ya aina moja au nyingine, wengine wakapewa maji ya kawaida polepole. Kamati ya usalama ililisimamisha jaribio mapema mwaka 2011. Katika saa 48 za kwanza, waliopewa maji ya haraka walikufa takriban 10 na nusu katika kila 100. Waliopewa polepole walikufa 7 na kitu. Tofauti ni watoto watatu na zaidi katika kila mia, na walikufa kwa kupewa kile ambacho vitabu viliamuru.

Madaktari wengi duniani hawakuamini. Walisema watoto wale walikuwa na upungufu wa damu, walikuwa na malaria, hospitali zile ni duni. Watafiti wakarudi kwenye takwimu zao, na uchambuzi uliotolewa mwaka 2013 ukaonyesha kwamba vifo vile vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mishipa kushindwa kazi, wala si maji kujaa mapafuni kama tulivyodhania. Hapo ndipo swali liliporudi kutoka wodini hadi maabara. WHO ilitoa mwongozo wake mpya kuhusu huduma ya dharura kwa watoto mwaka 2016, miaka mitano baadaye.

Swali langu ni hili. Katika miaka hiyo mitano, ni nani aliyekuwa na kazi ya kupita hospitali moja baada ya nyingine akimweleza muuguzi, kwa heshima na kwa lugha anayoielewa, kwamba mkono wake wenye nia njema upunguze kasi ya dripu? Makala ilikuwa imechapishwa katika jarida maarufu la Marekani. Muuguzi hasomi jarida hilo, na hata angetaka kulisoma hana wasaa.

Kwa bahati nzuri wapo Wakenya na marafiki wa Kenya waliojifunza kazi hii kwa kuifanya. Profesa Mike English, daktari wa watoto kutoka Uingereza aliyefanya kazi humu nchini tangu miaka ya tisini, Profesa Grace Irimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao walikaa chini na Wizara wakaandika kijitabu kidogo cha miongozo ya kutibu watoto, cha kutosha mfuko wa koti. Wakabuni kozi ya siku chache ya huduma ya dharura kwa watoto, kisha wakafanya jambo ambalo waandishi wengi wa miongozo huliogopa: wakalipima. Hospitali nane za wilaya zilihusishwa. Nne zilipata kijitabu, mafunzo, usimamizi wa mara kwa mara na mtu wa kuwasaidia papo hapo. Nne zilipata kijitabu na kozi fupi tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kule kulikokuwa na usimamizi wa karibu, huduma iliboreka waziwazi. Kule kulikopewa karatasi na semina, ilisogea kidogo tu.

Ningekuwa na uwezo ningeibandika habari hiyo kwenye mlango wa kila ofisi inayoandaa semina hotelini. Karatasi haivuki mto yenyewe. Lazima abebaye awe mtu, na mtu huyo arudi tena na tena.

Sasa tuangalie walimu. Tukitafuta mahali nchini ambapo mwanafunzi wa uzamili au uzamifu anaweza kuona safari nzima kwa macho yake, wengi tutaanza na Kilifi. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, iliundwa mwaka 1979. Mwaka 1989 ikaanzisha na Wellcome Trust na Chuo Kikuu cha Oxford kituo kando ya hospitali ya wilaya ya Kilifi, chini ya Norbert Peshu na Kevin Marsh, daktari wa Kiingereza aliyekuwa ametoka kufanya utafiti wa malaria Gambia. Jambo la busara walilolifanya ni kuweka maabara na wodi ya watoto ua mmoja. Mtafiti aliyeacha kioo cha hadubini saa nne aliweza saa nne na robo kuwa kando ya kitanda cha mtoto mwenye damu ile. Baadaye wakaanza kuhesabu na kufuatilia karibu watu 300,000 wanaoizunguka hospitali hiyo, ili ijulikane nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa.

Kutokana na ua huo wametoka wanasayansi wa Kenya wanaoheshimika duniani. Sam Kinyanjui, ambaye kwa miaka mingi aliongoza mafunzo hapo, aliwahi kuwa mwanafunzi wa hapo hapo. Faith Osier alisomea udaktari Nairobi, akaingia Kilifi, akabobea katika jinsi mwili unavyojenga kinga ya malaria, kisha akawa mwalimu wa wengine, kwanza Heidelberg nchini Ujerumani na baadaye Imperial College mjini London. Chuo Kikuu cha Pwani hutoa pamoja na kituo hicho stashahada ya uzamili ya mbinu za utafiti wa afya, ambayo humchukua kijana aliyehitimu karibuni na kumfunza kazi huku akifanya kazi. Huo ni mpango mzuri, na ningependa kuona mfano wake Kakamega, Garissa na Nyeri.

Lakini tusijidanganye. Kwa miaka mingi kijana aliyefanya utafiti wake wote Kilifi, kwa damu ya Wakenya, shahada yake ya uzamifu ilitolewa na Open University ya Uingereza. Sina ugomvi na chuo hicho. Kilifungua mlango wakati vyuo vyetu vilikuwa vimeufunga. Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe, kwa kutojiuliza kwa nini usimamizi wa tasnifu ulikuwa rahisi kupitia Milton Keynes kuliko kupitia Nairobi.

Na walimu walio katika vyuo vyetu ni wa aina mbili ambazo hazikutani. Kuna mwanasayansi wa maabara. Anaijua protini moja kama mchungaji anavyomjua ng'ombe wake, lakini hajaingia wodini tangu alipozaliwa mwanawe wa mwisho. Na kuna daktari bingwa anayefunza kando ya kitanda, stadi wa kutambua ugonjwa kwa kuangalia tu, ambaye ukimpa makala yenye takwimu huruka moja kwa moja hadi mahitimisho. Mwanafunzi wa biolojia huenda kwa yule wa kwanza, mwanafunzi wa udaktari huenda kwa huyu wa pili. Wote wawili hufuzu, na hakuna aliyewahi kukaa darasa moja na mwenzake. Hata ofisi zao ziko mitaa tofauti: Chiromo kwa huyu, Kenyatta kwa yule.

Chukua tasnifu za madaktari wanaosomea ubingwa. Kila mmoja hutakiwa kufanya utafiti kabla ya kufuzu. Miaka nenda miaka rudi, wamechunguza vidonda visivyopona, akina mama wanaofika hospitalini wamechelewa, dawa za vijidudu zisizofanya kazi tena, watoto wachanga wanaopata baridi wakisubiri lifti. Ni hazina kubwa ya maarifa kuhusu hospitali zetu. Lakini mwanafunzi huhesabu, huandika, hutetea, hupiga picha akiwa na joho, na nakala hubaki kwenye rafu ya maktaba, au siku hizi kwenye tovuti ya chuo. Hospitali aliyoichunguza haiambiwi. Sidhani kwamba ni uvivu. Hakuna aliyempa alama kwa kuiambia, na mwalimu wake hapandishwi cheo kwa sababu wodi fulani sasa inaosha mikono. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha. Kwa hiyo sote tunafanya kile tunacholipwa kukifanya.

Wapo watakaosema: daktari, nchi haina madaktari wa kutosha, nawe unataka kuwatoa wachache waliopo uwapeleke kusoma sayansi? Hoja hiyo ina uzito nami naisikia. Mimi ni daktari wa kawaida. Natibu shinikizo la damu, kisukari, watoto wenye homa, na siku nyingi ningefurahi zaidi kupata daktari mmoja wa kunisaidia kuliko wanasayansi watano wa kunishauri. Hata hivyo, nikimtibu mgonjwa kwa njia iliyopitwa na wakati kwa sababu habari haijanifikia, wingi wetu hautamsaidia. Madaktari kumi wanaotundika maji kwa kasi wana hatari kuliko mmoja.

Fikiria pia wazazi wenye watoto wa selimundu, ugonjwa unaosumbua sana Pwani na magharibi mwa nchi. Dawa ya hidroksiurea ni ya zamani. Marekani iliidhinishwa kwa wagonjwa wazima wa selimundu mwaka 1998. Kwa watoto wa Afrika ilihofiwa kwamba ingewazidishia malaria. Jaribio lililofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto 606, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwishoni mwa 2018 na mapema 2019, lilionyesha kinyume. Maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria nayo ikapungua, damu ya kuongezewa ikahitajika mara chache zaidi, na vifo vikashuka. Si jambo geni tena. Lakini bado napokea watoto wa shule, wenye macho ya manjano, waliolazwa mara nyingi, ambao wazazi wao hawajawahi kusikia jina la dawa hiyo kutoka kwa mhudumu yeyote. Wengine wameisikia lakini duka la dawa la karibu halina, au bei yake ni ya kuuza mbuzi kila mwezi. Na wapo wahudumu wanaoijua lakini wanaogopa kuianzisha, kwani inahitaji kupima damu mara kwa mara na mashine ya maabara ya kituo chao imeharibika. Kila moja ya vizuizi hivyo ni swali la utafiti. Kipimo cha chini kabisa kinachotosha kwa usalama ni kipi? Muuguzi anaweza kuisimamia bila daktari? Bima ya afya iilipie vipi? Hayo hayajibiwi London. Yanahitaji mtu aliyefunzwa hapa, anayekaa hapa.

Kuna hatari ya upande wa pili, ya kuvuka kwa pupa. Wasomaji wenye umri wangu na zaidi watakumbuka Kemron. Mwaka 1990 dawa hiyo ilitangazwa kwa vishindo kuwa ushindi wa Kenya dhidi ya ukimwi, kabla haijapimwa ipasavyo kwa majaribio makubwa yenye kulinganisha. Tafiti zilizofuata hazikuthibitisha kwamba inafaa. Wagonjwa walikuwa wameshauza mashamba. Mwanasayansi aliyefunzwa vyema uvushaji hujua kwamba kuna vivuko visivyorukwa, hata kama mkubwa yuko jukwaani anasubiri kutangaza. Walimu wa maadili ya utafiti ni muhimu kama walimu wa kemia, na kwa maoni yangu tunawapa saa chache mno katika ratiba.

Tatizo ambalo halikwepeki ni pesa. Sehemu kubwa ya wanafunzi wa uzamili na uzamifu katika utafiti wa afya nchini, na hata mishahara ya baadhi ya walimu wao, imetegemea wafadhili wa nje. Mwaka 2025 tulionyeshwa maana yake. Mwezi Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID likawa halipo tena kama shirika. Taasisi ya utafiti wa afya ya nchi hiyo nayo ikabadili jinsi inavyotoa fedha kwa washirika wa nchi za nje. Miradi ilisimama katikati, pamoja na wanafunzi waliokuwa ndani yake. Huwezi kumwambia mwanafunzi aliyekusanya damu ya wagonjwa kwa miaka miwili arudi baadaye.

Tuna sheria yetu ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013, inayotaja asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti na kuunda Hazina ya Taifa ya Utafiti. Hatujaikaribia asilimia hiyo. Nikisema hivi baadhi ya wenzangu hucheka, wakikumbuka kwamba mwaka 2024 madaktari waligoma kwa karibu miezi miwili, mzozo mkubwa ukiwa malipo ya madaktari walio kwenye mwaka wa mafunzo ya kazi. Serikali inayobishana kuhusu mshahara wa daktari wa mwaka wa kwanza italipia mafunzo ya uzamifu? Labda haitalipia yote. Lakini kuna mambo yasiyohitaji mabilioni.

Tangu ugatuzi wa mwaka 2013 daktari wa hospitali ya umma ni mwajiriwa wa kaunti. Akitaka kusoma, kaunti huona hasara: itamlipa mshahara akiwa Nairobi miaka minne, kisha huenda asirudi. Kwa nini masomo yasimfuate aliko? Kozi ya uvushaji inafaa kufunzwa hospitali ya kaunti, mwanafunzi akiendelea na zamu zake, mwanasayansi akija kutoka chuoni siku mbili kwa wiki. Swali la utafiti liwe la hospitali hiyo, wala lisitoke kwenye pendekezo lililoandikwa Geneva. Na darasani asiwepo daktari peke yake. Waingizwe maafisa wa kliniki, wauguzi, wafamasia, wataalamu wa maabara na wale wa kumbukumbu za hospitali, maana hao wa mwisho ndio wanaojua faili zimeandikwa nini na zimeficha nini. Najua wapo madaktari watakaoona wamedunishwa kwa kukaa benchi moja na muuguzi. Wakae tu.

Mwanasayansi naye alipwe kwa kufika wodini. Vyuo vikuu vikikubali kwamba badiliko lililopimwa katika huduma ya wagonjwa lihesabiwe kama makala moja wakati wa kupandisha vyeo, tutaona msongamano wa maprofesa kwenye barabara ya Kitale.

Kwa kuanzia, kila hospitali kuu ya kaunti ingeweza kuwa na mtu mmoja, mmoja tu, mwenye mafunzo haya na asiye na kazi nyingine. Mwezi wake wa kwanza angeutumia kukusanya tasnifu zote zilizoandikwa kuhusu hospitali hiyo tangu 2013, kuzipanga mezani kwa matroni, na kumuuliza ni ipi kati ya hizo ambayo amewahi kuiona.